Jamhuri Iliyojibu "Nzuri"

"Hivi, Bi Zamda, simu inaweza kukaa matanga?"

Swali hilo aliliuliza Bi Sikudhani, jirani wa ukuta mmoja, siku wawili hao walipokuwa wakichagua mchele barazani, na aliliuliza kwa kicheko mpaka ungo ukamponyoka. Redio ilikuwa imetoka kutangaza kwamba Serikali ya Jamhuri ya Matuliani, kwa huruma yake isiyo kifani, imewaletea wananchi dawa ya majonzi, na dawa yenyewe imo ndani ya simu. Mwenye simanzi, ilisema redio, asiende kumsumbua mtu. Abonyeze.

Bi Zamda alijibu kwamba yeye ni mjane wa darasa la saba, mambo ya kubonyeza hayajui. Matanga ndiyo anayajua. Matanga ni kukaa. Mtu anakuja, anavua viatu, anakunja miguu mkekani, na hata asipofungua mdomo tangu asubuhi hadi adhuhuri, amekufariji.

"Sasa simu," alisema, "itakunja miguu gani?"

Wakacheka wote wawili. Wakati huo Bi Sikudhani alikuwa bado na mwanawe, na kicheko chake kilikuwa cha kuazimwa na mtaa mzima.

*

Matuliani, kwa asiyeijua, ni nchi ya amani. Amani yake imeandikwa kwenye mihuri, kwenye magunia ya unga wa msaada na juu ya lango la gereza kuu, ili mwenye kuingia asiwe na wasiwasi. Ina Wizara ya Mioyo na Utulivu, iliyomegwa kutoka Wizara ya Afya baada ya kuonekana kwamba Waziri wa Afya ana wagonjwa wengi kuliko mawaziri wenzake, jambo ambalo halikuwa la haki.

Wizara ya Mioyo ilikuwa na jengo la ghorofa nne, wakurugenzi kumi na wawili, na mtu mmoja wa kutibu mioyo. Mtu huyo aliitwa Nesi Pendaeli, wa zahanati ya mtaa wa Kisimachane, mtaa wa Bi Zamda.

Nesi Pendaeli hakuwa na mashine. Alikuwa na benchi la mbao lililowekwa ubavuni mwa zahanati, na siku ya Jumanne. Unakaa naye, anakuuliza habari yako, unajibu nzuri kama alivyokufunza mama yako. Kisha ananyamaza. Udaktari wake wote ulikuwa hapo. Maana watu wa Matuliani, kama watu wengi waliolelewa, habari yao ni nzuri kwanza. Nyumba imeungua: nzuri. Mume katoweka: nzuri. Mpaka mtu ameze mate, ajiweke sawa, ndipo linafuata lile neno dogo. Nzuri, ila nyumba imeungua. Nesi Pendaeli aliisubiri hiyo "ila" kama mtu anavyosubiri maziwa yachemke, bila kuondoa macho. Ikitoka, kazi imeanza.

Wizara ilikuwa ikimwandikia barua kila robo mwaka kumuuliza kwa nini anatumia Jumanne nzima kwa watu saba.

*

Dawa ya simu ilitoka Ubaridini, nchi ya mbali ambako jua huzama saa tisa alasiri na kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake. Huko, walisema, imewasaidia wengi, na Bi Zamda hakuona sababu ya kubisha. Mtu aliyezoea kukaa peke yake huenda akafaa kwa dawa ya peke yake. Mungu ana waja wa kila namna.

Iliitwa Jiongoze. Ilikuwa na masomo sita na hadithi ya bwana mmoja, Henriki, aliyeishi na paka na kukosa raha. Kila somo Henriki anatembea kidogo kwenye theluji, anaandika daftarini, anajizamisha kwenye maji ya moto, mpaka anapata nafuu. Na kabla ya kila somo simu inamhoji mgonjwa maswali tisa, kwa ukweli, bila kumung'unya.

Wenye dawa walikuwa watu waangalifu. Walitoa sharti kwamba isipewe watu wa nchi nyingine mpaka irekebishwe na kamati, na kamati iwe na mwananchi wa kawaida, na bila kidole gumba cha mwananchi huyo dawa isihesabiwe kuwa imekubaliwa. Sharti hilo la mwisho liliiletea Wizara homa.

Ikatangazwa nafasi ya Mwananchi wa Kawaida. Waombaji walifika mia mbili na kumi, kati yao wenye shahada za uzamivu kumi na saba, na shemeji yake Waziri, aliyeleta barua ya kuthibitisha ukawaida wake yenye mihuri mitatu. Kila aliyefaulu usaili alionekana kwamba, kwa kuwashinda wenzake wote, si wa kawaida tena. Usaili ukarudiwa mara nne.

Siku ya tano Bwana Mtengeti, Katibu wa Kamati, alitoka ofisini amekata tamaa akamkuta Bi Zamda koridoni. Alikuwa amekaa sakafuni akivuta tasbihi, mwaka wake wa sita wa kufuatilia faili la marehemu mumewe. Bwana Mtengeti alimtazama kuanzia kandambili hadi ushungi.

"Mama, una cheo chochote?"

"Mjane."

"Kinatosha," alisema Bwana Mtengeti, akamwingiza ndani.

*

Alipewa beji iliyoandikwa KAWAIDA na kiti kifupi kuliko vya wengine, ili asije akasahau. Bwana Mtengeti alimweleza kanuni. Mwananchi wa Kawaida hutikisa kichwa wakati wote, na husema mara moja kwa kila dawa.

Kamati ilikaa miezi mitano. Henriki akawa Hemedi, hilo lilichukua asubuhi moja. Paka akachukua wiki tatu. Mjumbe wa mila alisema mwanamume mzima wa Matuliani hawezi kumlilia shida paka, afadhali mbuzi. Mjumbe wa kilimo akataka ijulikane ni mbuzi wa maziwa au wa nyama, maana akiwa wa nyama Hemedi atamchinja somo la tatu na simanzi itarudi. Wakaafikiana awe jogoo. Theluji ikawa vumbi. Maji ya moto ya kujizamisha yakawa ndoo na kopo.

Pale Hemedi anapoambiwa aingie chumba tulivu peke yake na afunge mlango, kamati ilikwama siku nne. Walihesabu nyumba za Matuliani, watu tisa kwa vyumba viwili, wakaona kwamba nchini kuna chumba kimoja tu ambacho mtu huingia peke yake na kufunga mlango. Ikaandikwa: choo.

Swali la tisa lilimwuliza mtu, kwa upole, kama amepata kuona afadhali asingekuwa hai. Wajumbe walilisoma wakatazamana kama watu waliofunua chungu wakakuta nyoka. Waziri mwenyewe aliitwa. Alisema hawezi kuruhusu wananchi waulizwe jambo ambalo Serikali haijawapa sababu ya kulifikiria. Swali likaondolewa, na mahali pake pakawekwa picha ya Waziri akicheka.

Yakabaki manane. Umekosa hamu ya kula? Umejiona huna thamani? Bwana Mtengeti aliyasoma moja moja kwa sauti ya mahakama, na Bi Zamda, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa miezi mitano, akanyoosha mkono. Ukumbi ulishangaa kama vile kiti ndicho kilichosema.

"Waheshimiwa," alisema, "mtu haulizwi hivyo kama mshitakiwa. Kwanza anasalimiwa. Anaulizwa habari yake, atasema nzuri, halafu..."

Makofi yalimkata. Mjumbe wa mila alisimama na machozi machoni, akasema hii ndiyo hekima ya wananchi waliyokuwa wakiitafuta tangu mwezi wa pili. Chai ilikuwa imeingia, na sambusa zilikuwa za moto. Kwenye muhtasari likaandikwa: *Mwananchi wa Kawaida ameelekeza maswali yote yawe salamu, na jibu sahihi liwe "nzuri".*

Bi Zamda alibaki na "halafu" yake kooni kama mwiba wa samaki. Baada ya chai alinyoosha mkono tena. Bwana Mtengeti akamwonyesha kanuni, kwa heshima zote: mara moja kwa kila dawa. Alikwisha kusema.

*

Wiki ile ile ukuta wa machimbo ya kokoto uliwaangukia vijana watatu. Mmoja wao alikuwa Idrisa, mtoto wa pekee wa Bi Sikudhani, wa miaka ishirini na sita.

Matanga yalikaliwa siku tatu, uani, mikeka mpaka kwa jirani wa nne. Watu walikunja miguu, wengine hawakusema neno. Siku ya arobaini wakasoma, wakala, wakaondoka, kama ilivyo haki ya watu kuondoka. Baada ya hapo ndipo msiba unapobaki na mwenyewe, na hilo halina redio.

Bi Zamda alimpeleka kwenye benchi. Jumanne ya kwanza Bi Sikudhani alisema nzuri, akakaa mpaka jua likahama, akarudi. Jumanne ya pili alisema nzuri, na mdomo ukamtetemeka, na Nesi Pendaeli hakupepesa macho. Lakini lori la kokoto likapita na mdomo ukafunga. Jumanne ya tatu walikuta benchi halipo. Zilikuwepo alama nne tu ardhini, za miguu yake.

Jiongoze ilikuwa imefika Kisimachane kwa majaribio. Benchi lilichukuliwa na Wizara. Nesi Pendaeli alipewa chumba cha zamani cha sindano na cheo kipya, Afisa wa Kuchaji, azichaji simu za dawa. Alikuwa pia na barua ya uhamisho kwenda mpakani kuhesabu vyandarua, na barua hiyo ingeanza kazi siku ambayo Mwananchi wa Kawaida angeweka kidole.

*

Simu ilitolewa moja kwa kila nyumba kumi, ikakabidhiwa balozi wa nyumba hizo. Balozi, kwa kufuata maelekezo neno kwa neno, aliifunga kwa kamba akaitundika msumarini ndani ya choo chake. Kila mtu robo saa.

Ikawa foleni mbili, ya wanaotaka kupona na ya wanaotaka choo, na balozi akanunua filimbi. Walioshika matumbo waliwahimiza wenye majonzi wajiongoze upesi. Kutoka nje kila mtu alisikia dawa inavyofanya kazi, kwa sauti nyororo ya mwanamke aliyefundishwa kutabasamu.

"Habari yako?"

"Nzuri."

"Hongera. Umepona somo la kwanza."

Mara sita, na cheti. Mzee mmoja aliyekuwa haongei tangu kiangazi cha nyuma alijibu nzuri mara sita kwa sababu ya malezi, akatoka na cheti akaendelea kutoongea. Wapo walioanza kusema "nzuri, ila", lakini simu ilikuwa imesikia ilichokitaka, na Hemedi alikwisha kuanza kutembea vumbini na jogoo wake.

Wiki ya kwanza waliopona walikuwa tisini na nne katika kila mia. Wiki ya pili walikuwa mia na tatu, maana wengine walirudi kwa ajili ya wagonjwa waliobaki nyumbani. Mtaalamu kutoka Ubaridini alipoletewa hesabu hizo aliuliza kama hakuna kosa mahali. Bwana Mtengeti alimjibu kwamba watu wa Matuliani wana bidii.

Bi Sikudhani aliingia chooni Alhamisi na kutoka na cheti. Alikuwa wa haraka kuliko wote mtaani. Balozi alimsifu, akasema laiti wote wangekuwa na ushirikiano kama huo.

Bi Zamda hakusifu kitu. Yeye alikuwa anatazama. Jumamosi aliona sufuria kubwa ya Bi Sikudhani jikoni kwa mwuza maandazi. Jumapili aliona kanga zake mbili mpya kwa binti wa balozi. Jumatatu asubuhi Bi Sikudhani alibisha hodi mwenyewe, amebeba ule ungo.

"Chukua, jirani. Mimi mchele wa kuchagua sina."

"Na wewe utapepetea nini?"

"Chukua tu," alisema Bi Sikudhani kwa upole, kama mtu anayemaliza kufagia.

Bi Zamda aliupokea, akauweka chini, akafunga ushungi, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha sindano. Nesi Pendaeli alikuwa amezungukwa na nyaya kama kuku kwenye tenga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka simu aliyokuwa ameishika.

"Mama, mtu anayegawa vyombo haachwi peke yake hata saa moja. Hamia kwake. Kula naye. Akisema nzuri, usiondoke."

"Na dawa yao ingesema nini?"

"Ile yenyewe, kabla hamjaigusa? Swali la tisa lingemuuliza. Akijibu ndiyo, ilikuwa inasimama hapo hapo na kumwambia aende kwa mtu, na inampa jina la mtu." Nesi aliutazama mlango. "Hapa jina lilikuwa langu."

Bi Zamda alirudi nyumbani kwa hatua za kuhesabu. *Kabla hamjaigusa.* Na yeye alikuwa mmoja wa walioigusa, tena ndiye aliyewapa kisu, akakatwa kauli kabla hajasema kinashikwa wapi. Jioni ile alikunja mkeka wake akahamia ng'ambo ya ukuta.

Siku tisa walilala chumba kimoja. Kila alfajiri, baada ya sala, Bi Zamda aliuliza umeamkaje, akajibiwa nzuri, akasubiri. Alikuwa mgeni katika kazi hiyo ya kusubiri. Mara mbili aliona kitu kinapanda kooni mwa mwenzake. Mara ya kwanza filimbi ya balozi ililia. Mara ya pili balozi mwenyewe aliingia na barua. Bi Sikudhani ameteuliwa kuwa Mponaji wa Kwanza wa Jamhuri, kwa kuwa kati ya wote waliojaribiwa, hakuna aliyekuwa na msiba mzito kama wake na "nzuri" ya haraka kama yake.

*

Sherehe ilifanyika Ukumbi wa Utulivu. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, juu yake hati na kisahani cha wino, na nyuma ya meza kiti kifupi cha Bi Zamda. Bi Sikudhani alikalishwa kwenye kiti cha velveti, na cheti chake kimetiwa fremu. Nesi Pendaeli aliletwa pia, akawekwa ukutani karibu na soketi. Na pembeni ya jukwaa, limezungushiwa kamba nyekundu, lilikuwepo benchi la Kisimachane. Lilikuwa na kibao: ZANA YA KALE YA MAJONZI. USIKALIE.

Waziri alisimama. Alisema zamani, enzi za giza, mtu wa Matuliani akiwa na huzuni ilimbidi amtafute mtu mwingine, ampotezee muda, amlowanishe bega. Alisema utegemezi huo umefika mwisho. Alisema taifa linalojiongoza halihitaji kushikwa mkono, na kwamba yeye binafsi, katika ile picha ya swali la tisa, amecheka na kila mwananchi kwa zamu. Alisema sasa majonzi ni hiari, na anayeendelea nayo ajiulize anamtumikia nani. Watu walipiga makofi kila bwana mmoja wa itifaki alipoinua kitambaa cha kijani. Mtaalamu kutoka Ubaridini alipiga makofi pia, akitafuta tafsiri kwa macho.

Bi Zamda alikuwa ameshikwa mkono na Bwana Mtengeti na kidole chake gumba kimekwisha kuchovywa. Bado kushuka tu kwenye hati. Waziri akasema tusubiri kidogo, kwanza tumsikie aliyepona, kidole kishuke kwenye makofi, mpiga picha apate vyote viwili. Akaisogeza maikrofoni.

"Bi Sikudhani, mama yetu. Habari yako?"

"Nzuri," alisema Bi Sikudhani. "Ila..."

Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeinuliwa kwenye "nzuri", kama walivyofanya mazoezi, na ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mdomo wa Bi Sikudhani ulibaki wazi. Hakuna aliyeuona, watu elfu moja na mia mbili, ila wawili: mmoja karibu na soketi, mmoja na wino kidoleni.

Bi Zamda aliuchomoa mkono wake. Alizunguka meza, akapita mbele ya Waziri bila kuinama, akaenda kusimama mbele ya kiti cha velveti. Alimtazama jirani yake usoni na kusubiri, kama mtu anavyosubiri maziwa.

Makofi yaliendelea, kwa sababu kitambaa kilikuwa bado juu. Bwana wa itifaki hakuwa na maelekezo kuhusu mjane anayesimama. Lakini mikono ya watu ina mwisho. Yakapungua, yakabaki ya mbele, yakabaki ya mtaalamu peke yake, naye akaona haya. Ukumbi ukatulia kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu ujengwe, na maikrofoni ilikuwa bado imewashwa.

"Ila sitaki kurudi kwenye ile nyumba," alisema Bi Sikudhani. "Sitaki kurudi popote, Zamda. Nimechoka kuwa hai."

Lilisikika mpaka kwenye maegesho ya magari. Karibu na soketi Nesi Pendaeli aliweka nyaya chini na kuanza kuja mbele, akipita katikati ya viti vya wakurugenzi bila kuomba njia.

Waziri alikuwa mtu wa uzoefu, hakutoa jasho. Alisema hiyo ni furaha, hujitokeza hivyo kwa watu wazima, na kwamba kipindi cha maoni kimepita. Bwana Mtengeti alimnong'oneza, Bi Zamda akisikia, kwamba kidole sasa si rahisi, lakini kifungu cha kumi na moja kinaruhusu kukubali kwa mdomo: Mwananchi wa Kawaida akisalimiwa na kujibu ipasavyo, imetosha, Jamhuri imekubali. Waziri akatabasamu lile tabasamu la picha ya tisa.

"Bi Zamda," alisema kwenye maikrofoni, kwa heshima na sauti ya kubembeleza. "Mama. Habari yako?"

Watu wote waligeuka. Bi Zamda tangu azaliwe hakuwahi kuiacha salamu ya kiumbe ikapita bila jibu. Alimjibu aliyemdhulumu shamba. Alimjibu daktari aliyemletea habari ya mumewe. Kuacha salamu ianguke chini, Matuliani, ni tusi lisilosemwa hata ugomvini.

Alikifuta kidole chake. Bwana Mtengeti alikuwa anakitazama kitambaa cheupe cha meza kwa matumaini, lakini alikifuta kwenye kanga yake mwenyewe, pande zote mbili, asiwaachie hata doa. Akaifungua ile kamba nyekundu ikaanguka. Akainama, akashika ncha moja ya benchi, na Nesi Pendaeli, ambaye alikuwa amefika, akashika ya pili. Bi Sikudhani akasimama katikati yao, mkono mmoja juu ya ubao.

"Habari yako, Mama?" alirudia Waziri, kwa sauti ya juu zaidi.

Wanawake watatu walibeba benchi lao, wakashuka ngazi za jukwaa polepole kwa ajili ya magoti, wakapita katikati ya ukumbi, wakatoka.